Ukurasa wa Tisa wa Daftari la Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, kale ambayo hata jua lilikuwa halijazaliwa, kila mnyama alikuwa na pacha wake wa kinyume. Simba na Simba Kinyume, Tembo na Tembo Kinyume. Walifanana kwa kila kitu ila chapa: wa kwetu walitia unyayo wa kulia, wa kinyume walitia wa kushoto.

Mapacha hao wakigusana, pwaa! Wote wawili hawapo. Hubaki mwanga tu.

Basi Kifaru, karani mkuu wa Ofisi ya Usawa, akatoa amri: kila mmoja aje na pacha wake, watie chapa kwenye fomu, washikane mikono, faili lifungwe.

"Anayefuata!" Pwaa! "Anayefuata!" Pwaa! Simba, na makucha yote yale, alikwenda mpole kama kondoo.

Ikafika zamu ya Pimbi, mdogo kuliko wote foleni nzima.

"Mzee Kifaru," akafoka, "nimeacha kunde jikoni, kumbe unaniita nije nifutwe?"

"Ni usawa, bwana mdogo. Hatabaki mtu. Nadhifu kabisa."

"Usawa gani huo? Hata wa kuusifu hatakuwapo! Lete hilo daftari lako la kanuni!"

Akafungua ukurasa wa tisa, ambao hakuna aliyewahi kuusoma, hata aliyeuandika.

"Soma, mzee! 'Fomu isiyo na unyayo wa kulia ni batili.' Pacha wangu katia wa kushoto. Mimi nifutwe na mwenye fomu batili? Thubutu!"

Jasho likamtoka Kifaru. Maisha yake yote hajapatikana na fomu batili. Akamkamata pacha, akampaka wino mguu wa kulia. Pa!

"Na aliyetia wa kulia ni wa nani?" Pimbi akauliza.

"Ukurasa wa kwanza unasema… ni wa kwetu." Kifaru akaandika hivyo, akapiga muhuri. "Haya, shikaneni!"

Wakashikana. Kimya.

"Tena!"

Kimya. Wa kwetu kwa wa kwetu hawafutani.

"Mmeniharibia faili!"

"Umeliharibu mwenyewe, mzee, kwa muhuri wako!"

Habari zikavuja hadi nyuma ya foleni, lakini wachache walizisikia. Katika kila jozi bilioni moja, jozi moja tu ilidai ukurasa wa tisa. Nyingine zote, pwaa! Hizo chache zilizobaki ndizo mawe, maji, sufuria, na hiyo pua unayoichokonoa.

Pimbi akarudi kuepua kunde zake, zimeungua. Pacha akala nusu, kwa usawa.

Anayekuja kukufuta kwa kanuni, msomee kanuni zake zote.