Jina la Marehemu Mgongoni

Ndugu zangu, nimepanda hapa leo nikiwa na hasira, wala sitaificha. Tangu Alhamisi namwomba Mungu anipunguzie, hajanipunguzia. Basi nisikilizeni nikiwa nayo hivyo hivyo.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, kule milimani kwenye baridi na migomba. Alizaa watoto wawili wa kiume. Wa kwanza aliitwa Asajile. Wa pili alimfuata baada ya miaka minne, akaitwa Gwakisa. Gwakisa hakukaa. Alipata surua akiwa na miaka mitatu, siku ya nne akafa, wakamzika nyuma ya nyumba. Baba yake, ambaye bado alikuwa hai, alimchongea msalaba wa mti na kuliandika jina la mwanawe kwa ncha ya msumari wa moto.

Asajile akakua, akawa mshambuliaji. Sisemi mshambuliaji wa kusifiwa na mama yake. Huyu akipata mpira ndani ya boksi, mabeki walianza kulaumiana kabla hajapiga.

Alipofika miaka ishirini na moja, akaja wakala kutoka Zambia. Alikuwa anatafuta kijana wa chini ya miaka kumi na minane, ili timu yake imlee na kumtangaza. Alimtazama Asajile kwa dakika ishirini, akauliza jambo moja tu: "Ana miaka mingapi?"

Mwenyekiti wa timu ya pale kijijini hakumjibu. Alisema, "Kesho utakiona cheti chake."

Na huyo mwenyekiti, ndugu zangu, alikuwa mzee wa kanisa.

Jioni ile ile akaenda kwa yule mama. Akakaribishwa, akapewa chai, akaanza kuuliza habari za shamba, kama mtu mwenye nia njema. Kisha akasema, "Mama Asajile, yule mdogo wake angekuwa na miaka mingapi sasa?"

"Kumi na saba, mzee. Mbona unamuuliza?"

"Alibatizwa?"

"Alibatizwa. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Basi Mungu ametufungulia mlango. Asajile ataondoka na cheti cha mdogo wake. Kuanzia leo yeye ndiye Gwakisa."

Mama akaweka kikombe chini. "Gwakisa amekufa, mzee. Nilimzika mimi. Yuko hapo nyuma."

"Tunajua, mama. Hatukuombi useme uongo. Tunakuomba ukae kimya tu. Kukaa kimya kuna dhambi gani?"

Asajile alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, anatazama miguu yake. Hakukataa. Alikuwa mtu mzima na alikuwa anaitaka ile safari kuliko kitu chochote. Hilo nalo lisemwe, maana sikuja kumtetea.

Asubuhi yake mwenyekiti na wazee wenzake wakafungua daftari la ubatizo. Pembeni ya jina la Gwakisa palikuwa na neno moja la wino mweusi: marehemu. Wakalikwangua kwa wembe. Taratibu, wasitoboe karatasi. Kisha wakatoa cheti, wakapiga muhuri.

Na kwa kuwa wakala alitaka kufika nyumbani, kupiga picha na familia, mwenyekiti alitangulia kule nyuma ya nyumba, akaung'oa ule msalaba. Mama akamshika mkono. Akamwambia, "Mzee, huo hapana." Naye akamjibu, "Tutaurudisha, mama. Ni wiki moja tu." Hakuurudisha. Mpaka leo hakuna ajuaye aliutupa wapi.

Niulize: ni nani kati yetu ambaye angeng'oa msalaba wa kaburi la mtoto? Hakuna, sivyo? Mnatikisa vichwa. Hebu subirini.

Kijana akaenda Lusaka, akafunga mabao mpaka magazeti yakamwandika. Akatoka huko, akaenda Sudan. Akatoka Sudan, akaenda Oman, miaka mitano. Mwisho akaenda Vietnam, ambako mashabiki walishindwa kulitamka lile jina, wakalifupisha, uwanja mzima ukawa unaimba, "Kisa! Kisa!" Kila alikokwenda, jezi ilikuwa na jina la mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Goti lilipoanza kumsumbua, daktari wa timu alitazama picha za eksirei akasema, "Ajabu. Goti hili lina miaka mingi kuliko wewe." Akacheka, yeye daktari. Asajile hakucheka.

Na kule nyumbani? Watu walibadilika ndani ya wiki moja. Yule mama aliyeitwa Mama Asajile kwa miaka ishirini na moja, sasa kisimani, sokoni, kanisani, akawa Mama Gwakisa. Watu wale wale waliobeba jeneza la mtoto. Jumamosi za mechi walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, wamewasha runinga, na yeye wakamwekea kiti cha mbele. Siku moja mwanawe akafunga bao la kichwa dakika za mwisho. Mtangazaji akapaza sauti, "Gwakisa! Gwakisa yuko hai! Nani alisema amekwisha?" Ukumbi ukalipuka. Wanaruka, wanapiga vigelegele, wanamkumbatia. Mama akainuka, akajifunga khanga yake, akatoka nje.

Mnajua walisema nini? Walisema, "Huyu mama ana roho mbaya. Hata furaha ya mwanawe haimfurahishi."

Mwanawe alipopiga simu, mama alimwita "mwanangu" tu. Jina hakulitaja, la huyu wala la yule.

Miaka kumi na minne ikapita. Goti likakataa, Asajile akarudi. Alimkuta mama yake anamenya viazi. Mama akamtazama, akaenda mlangoni, akachungulia kama kuna mtu. Kisha akarudi, akamshika mashavu kwa mikono yenye maganda, akasema kwa sauti ya chini, "Asajile."

Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, aliyecheza mbele ya watu elfu arobaini, akakaa chini kwenye maganda, akalia.

Alipotulia akauliza, "Mama, mdogo wangu yuko wapi?"

"Pale kwenye mgomba wa tatu. Nilipanda maharage juu yake, watu wasipakanyage."

Jumapili iliyofuata ikafanyika ibada ya shukrani. Kwaya mbili, mashada, na mwenyekiti, nywele sasa nyeupe, ndiye aliyeongoza. Akamwita mama mbele. "Mama Gwakisa, Mungu amekutendea makuu. Leo utuambie unataka nini, nasi kanisa tutafanya."

Mama akashika kipaza sauti. Akasema, "Naomba ruhusa ya kumlilia mwanangu."

Mwenyekiti akainama, akamwambia, "Mama, leo ni siku ya furaha."

Ndipo Asajile akainuka. "Mimi si Gwakisa. Gwakisa ni mdogo wangu, alikufa kwa surua, mlimzika ninyi. Nimetembea na jina lake nchi nne. Nilijua, na nilikubali. Mimi naitwa Asajile. Nisameheni. Na wewe, mama, nisamehe."

Sasa mnafikiri kanisa lilifanya nini? Lilipiga magoti? Lilimlilia yule mtoto?

Baraza la wazee lilikaa Jumanne. Liliamua kwamba Asajile na mama yake watengwe na meza ya Bwana miezi sita, kwa kosa la kulidanganya kanisa. Tena barua iliandikwa vizuri kabisa. "Kanisa limeumizwa." Na aliyetia sahihi ya kwanza ni yule mwenyekiti.

Limedanganywa! Kanisa lililoshika wembe! Mama aliyekatazwa kulia miaka kumi na minne akaambiwa yeye ndiye aliyewaumiza!

Basi wawili hao walichonga msalaba mwingine wenyewe, wakang'oa maharage, wakausimamisha. Katika usharika, hakuna hata mmoja aliyekwenda kusimama nao. Wale wa ukumbini, wale wa vigelegele, walipita njia ya juu wawakwepe.

Nanyi mnataka niseme ni usharika gani, mpate kuusengenya tukitoka. Sitasema. Kila usharika una daftari.

Mlitikisa vichwa nilipouliza ni nani angeng'oa msalaba. Nasi tulimfanya nini yule binti aliyetaja jina la aliyemharibu, tukamwambia anyamaze kwa kuwa mtu yule anatusaidia ujenzi? Yule mjane tuliyemwambia asikumbushe habari za shamba la mumewe, maana ndugu wameshapatana? Tuliwaambia maneno yale yale: hatukuombi useme uongo, kaa kimya tu. Kisha wao wanakaa kimya, sisi tunaimba. Na siku wanapofungua kinywa, tunawaandikia barua. Ndugu zangu, Mungu hakutuweka hapa tuwe walinzi wa aibu za wakubwa. Sisi ndio tunaoshika wembe, halafu tunataka waliokwanguliwa ndio waombe msamaha!

Kwaya, msisimame. Wimbo hatutauimba bado. Kama yuko mtu ambaye wewe ulimnyamazisha, unamjua, na nyumba yake unaijua. Ondoka sasa, uende kwake, umwambie, "Sema, nimekuja kusikiliza." Mlango uko wazi. Sisi wengine tutakaa hapa kimya, tukiwangoja.