Milango Mitatu ya Mganga Fisi

Niwapigie ngano?

"Ipige!"

Ikilia?

"Tutaibembeleza!"

Basi sikilizeni, na asiyeamini atoke sasa hivi, maana haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, jino limenivimbisha shavu mpaka wenzangu wakadhani nimeficha limau mdomoni.

Kulikuwa na kilima cha mawe ambacho ukungu haukukitoka hata kwa jua la mchana. Kilimani palikuwa na pango, na pango lilikuwa na milango mitatu. Humo ndimo alimokaa Mganga Mkuu, Fisi. Dawa yake ilikuwa ya kweli, hilo simnyimi. Ilitokota chunguni, boko, boko, boko, harufu mpaka nje. Lakini kuipata sasa!

Mgonjwa anabisha mlango wa kwanza. Ngo, ngo! Mlango unafunguka upenyo wa kidole. Sauti nzito inauliza: "Una nini? Tangu lini? Ulikula nini?" Mgonjwa anajieleza. "Si hapa. Nenda mlango wa pili."

Wa pili, sauti nyembamba: "Una nini? Tangu lini? Ulikula nini?" Anajieleza. "Si hapa. Nenda wa tatu."

Wa tatu, sauti ya puani: "Una nini? Tangu lini? Ulikula nini?" Anajieleza. "Si hapa. Rudi wa kwanza."

Anazunguka, anazunguka, mpaka anaanguka. Puu! Hapo ndipo mlango mmoja unapofunguka, polepole, na mgonjwa anavutwa ndani. Krrrr. Kisha kimya. Kesho yake pembe zake zimeanikwa juu ya jiwe. Na sisi wa benchini? Tulisogea tu, tukajaza nafasi.

"Wamelazwa," Nungunungu alininong'oneza. "Hapa wanalaza vizuri. Umesikia hata mmoja akilalamika?"

Siku hiyo akaja Bi Paa, homa inamtetemesha, macho yameingia ndani. Bila ile dawa hafiki jioni, kila mtu aliliona hilo. Kasindikizwa na jirani yake, Sange, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu kama mrija. Bi Paa akataka kuinuka kwenda kubisha.

"Kaa, dada," Sange akamwambia. "Ugonjwa wako, miguu yangu."

"Watakubali?"

"Kwani tunawaomba?"

Ngo, ngo!

"Una nini?"

"Si mimi, ni dada yangu. Ana homa, tangu juzi, alikula majani ya kunde."

"Mgonjwa aje mwenyewe!"

"Mgonjwa kachoka, mheshimiwa. Mimi ndiye mdomo wake."

"Nenda mlango wa pili!"

Sange huyooo! Kufika wa pili, akaingiza pua kwenye upenyo. Harufu ya aliye ndani ni ileile ya mlango wa kwanza. Na mganga wa humo alikuwa anahema. Wa tatu, harufu ileile, na kuhema kumezidi. Sange akaelewa: mganga ni mmoja, anakimbia kwa nyuma, gizani, mlango hadi mlango.

Akaongeza mwendo. Ngo! "Mheshimiwa, wa tatu kasema ni wewe!" Ngo! "Mheshimiwa, wa kwanza anakuuliza kwa nini!" Ngo! "Mheshimiwa, wa pili anasema wewe kazi hujui!"

"Nani kasema?" Fisi akasahau na sauti ya puani. "Kidudu wewe, heee, nitakutafuna, heee..."

"Kwa mlango upi, mheshimiwa?"

Mlango wa tatu ukafunguka, bwaa! Fisi akatoka, ulimi nje, pumzi hana. Puu!

"Dada, sasa!"

Bi Paa akajikongoja, akamvuka Fisi, akaingia na Sange, akazamisha mdomo chunguni. Akanywa. Nikaona jasho linamchuruzika, homa inakatika. Halafu mlango ukajifunga. Krrrr.

Fisi alipopata pumzi, akabisha. Ngo, ngo!

"Una nini?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile nzito. Ni Sange, kabaki ndani na Bi Paa, anamwigiza.

"Fungua, ni mimi!"

"Tangu lini?"

"Nasema ni mimi, mwenye nyumba!"

"Ulikula nini?"

Fisi akatazama zile pembe juu ya jiwe.

"Si hapa. Nenda mlango wa pili."

Akaenda, naapa! Wa pili, wa tatu, wa kwanza. Ukungu unammeza, unamtema, unammeza. Mpaka puu! Mlango mmoja ukafunguka, polepole, akavutwa ndani. Krrrr.

Safari hii benchini hakuna aliyesogea.

Funzo lake ni hili: ukiugua, nenda peke yako. Usisindikizwe, usiulize, ukitumwa mlango wa pili nenda. Wasindikizaji ni watu wa fujo, wanawachosha waganga wetu bure.

Ngano yangu naiacha hapo njiani, apitaye aiokote.

Na yote ni kweli tupu, isipokuwa neno moja, nimelitunga ili mpate usingizi. Sange na Bi Paa hawakubaki ndani. Bi Paa alipokwisha kunywa, walitoka mbio. Niliwaona wakishuka kilima, Sange kakaa mgongoni, kabla ule mlango haujajifunga.