Mbeba Watu Aliyekwenda Bungeni

Zifungeni Biblia kidogo, wapendwa, mtazifungua tena nikimaliza. Mfano huu msiutafute humo, wala msiutafute kwa mchungaji mwingine. Wenye digrii wamesoma Kigiriki. Mimi niliyeishia darasa la saba nimesoma watu, na mtu ni kitabu kigumu kuliko Kigiriki. Nimeutoa kwenye sharika nne. Kwenye mbili walilia hadi wazee wa kanisa, na mmoja wao alikuwa askari magereza mstaafu.

Palikuwa na kijiji kimoja, mbele yake mto, na ng'ambo ya mto barabara, soko na hospitali. Daraja halikuwepo. Kiangazi mto ule ulikuwa mpole, mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Masika ulikuwa kiumbe kingine kabisa. Basi watu wa pale walikuwa na kazi ambayo huku kwetu haipo: kubeba watu. Wanaume wenye vifua hukaa ukingoni, unakuja na kapu lako, mmoja anachuchumaa, unapanda mabegani, anakuvusha. Mama mkwe akibebwa na mkwewe wote wawili hufumba macho.

Katika wabebaji wale mmoja aliwazidi wote. Alimjua kila mama uzito wake, na nani ana hofu ya maji, na nani hufunga mdomo mpaka ng'ambo. Huyu alilelewa na dada yake mkubwa tangu mama yao alipochukuliwa na mto huo huo, akiwa na uchungu wa uzazi, akiwa mabegani mwa mtu. Mlisikie hilo vizuri. Hakujifunza habari za daraja kwenye semina.

Uchaguzi ulipofika akasimama kugombea ubunge. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko sala ya chakula: "Nimewabeba mabegani hadi ng'ambo. Nipelekeni, nikawabebe kule." Dada yake alizunguka kata zote kwa miguu akimwombea kura, nyayo zikapasuka. Akashinda kwa kishindo.

Kule Bungeni, wapendwa, kuna utaratibu wake. Mbunge anauliza swali, naibu waziri anasimama na karatasi, anasoma jibu. Mheshimiwa wetu akauliza habari za daraja. Naibu waziri wa siku zile, mtu mpole mwenye miwani, akasoma: "Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo. Upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana."

Mheshimiwa akainuka na swali la nyongeza. "Naomba kujua, huo upembuzi unaopembua tangu nikiwa kijana, unapembua mto au unapembua mchele?"

Bunge zima likacheka, meza zikagongwa. Kijijini walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya dada yake. Wazee walipigana mabega. "Mtoto anajua kuuliza huyu," wakasema. "Tumetuma mdomo, si mtu."

Akauliza tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Mara tisa. Mara moja alilia machozi mle ndani, na yalikuwa machozi ya kweli, mimi siwasingizii watu. Watu wake wakamrudisha kipindi cha pili bila hata kumsikiliza. Na mwanzoni mwa kipindi kile cha pili akateuliwa. Naibu waziri. Wa wizara ile ile yenye madaraja.

Kijijini walicheza ngoma siku tatu. Yeye alikwenda kumshika dada yake miguu, kama desturi yao. Dada akamwinua, akamfuta vumbi kwenye magoti ya suruali mpya.

"Sasa, baba," akamwambia, "umekwisha kumaliza kuuliza. Aliyebaki wa kujibu ni wewe."

"Nipe masika moja tu, dada."

Ninyi mnadhani alidanganya? Hapana. Alikwenda kwa waziri wake wiki ile ile. Waziri akamsikiliza vizuri, akamwagizia chai. "Ndugu yangu," akamwambia, "ukianza na kwenu watasema tumekuweka hapa ujijengee. Ngoja kidogo. Wape wengine kwanza, heshima yako ikue." Maneno ya busara, au siyo? Naye akangoja. Na kungoja, wapendwa, kama hungoji wewe ukingoni, ni kazi nyepesi sana. Ina kiti. Ina feni. Masika moja ikapita, ikapita ya pili.

Masika ya tatu, siku ya Jumatano, karani akamletea jalada la majibu ya asubuhi ile. Naibu hulisomea ndani ya gari. Akafunua ukurasa wa tatu, akaliona jina la mto wao. Mbunge mwanamke wa viti maalumu, wa mkoa ule ule, alikuwa ameuliza.

"Jibu hili kaandika nani?" akamuuliza karani aliyeketi pembeni yake.

"Ni lile lile, mheshimiwa. La tangu enzi zenu mnauliza. Huwa tunabadilisha tarehe tu."

"Na nikisema nisilisome?"

Karani akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Utakuwa umeipinga serikali, mheshimiwa. Na serikali kwa leo asubuhi ni wewe."

Mle Bungeni zamu yake ikafika, akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasoma. Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo. Upembuzi yakinifu unaendelea. Na alisoma vizuri, maana sauti alikuwa nayo tangu zamani. Yule mama akainuka. "Swali langu la nyongeza ni dogo. Naomba naibu waziri anitajie idadi. Ni akina mama wangapi wakifa ndipo upembuzi utakuwa umetosha?"

Kwenye jalada hapakuwa na idadi. Palikuwa na mstari mmoja wa akiba, ambao makarani huweka chini kwa maswali magumu. Akausoma: "Namwomba mheshimiwa mbunge pamoja na wananchi wake waendelee kuwa na subira." Meza zikagongwa. Akaketi, akanywa maji.

Kijijini redio ilikuwa inaongea. Jirani mmoja akamgeukia yule dada. "Si mdogo wako huyo? Naijua hiyo sauti."

"Sauti ni yake," dada akasema. Akaizima redio, akaenda kutazama kuni zake kama zimelowa.

Mnajua kilichofuata, ninaziona nyuso zenu. Lakini nitasema, kwa sababu nisiposema mtadhani nawaficha. Jumamosi ya wiki ile ile, asubuhi, binti wa yule dada akashikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya. Wakamfikisha ukingoni juu ya kitanda cha kamba. Maji yalikuwa yanafika shingoni mwa mbebaji mrefu kuliko wote. Wabebaji wakatazamana, hakuna aliyechuchumaa. Dada akapiga simu.

"Baba, tuko mtoni. Ni mpwa wako. Maji yamejaa."

"Msivuke, dada. Msimpandishe mtu mabegani. Nawaletea gari la wagonjwa sasa hivi."

Na kweli, amri ya mkubwa ni amri. Gari lile lilifika upesi kuliko gari lolote lililowahi kufika pale, likisikika tangu milimani. Simu ikalia tena.

"Dada, limefika?"

"Limefika. Gari zuri. Lina taa." Akayatazama maji. "Liko ng'ambo, baba."

Dereva alikaa na taa zake mpaka saa tisa alasiri. Ndipo wanawake waliokuwa wamekizunguka kitanda wakafungua kanga zao, wakamfunika yule binti mwili mzima hadi uso, na mtoto wake tumboni.

Mazishi yakawa Jumatatu. Mheshimiwa akaja na magari manne, akasimama ukingoni upande wa barabara, koti jeusi, viatu vyeusi. Mto haukuwa umeshuka hata kidole. Akaona kule juu ya kilima watu wadogo wadogo wakizunguka udongo mwekundu. Wimbo ulikuwa unakuja na upepo, unakatika, unakuja tena. Mlinzi wake akamwambia, "Mheshimiwa, turudi garini, jua kali." Hakurudi.

Walipomaliza, dada yake akashuka peke yake mpaka majini. Wakatazamana, mto katikati. Mheshimiwa akaita. Akasema mengi, mikono inakwenda. Sijui alisema nini, na hakuna ajuaye, kwa kuwa mto ule masika haumwachii mtu neno. Dada akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akangoja. Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu anayesema sisikii. Kisha akageuka, akapanda kilima, akaingia kwa wenzake.

Naona mnafuta macho. Na naona wengine mmekunja nyuso, mmekwisha kumhukumu. Nani hapa angependa kumchapa yule mheshimiwa? Nyosheni mikono, msiogope. Eeh, ni wengi.

Haya, wekeni chini, nami niwaulize. Mama, wewe uliyelia miaka sita jikoni kwa mama mkwe wako, ukaomba Mungu akupe nyumba yako. Leo una nyumba, na mkwe unaye. Jana jioni alilia jikoni kwa nani? Na wewe fundi, uliyekuwa mwanafunzi wa kupigwa kwa kipande cha ubao, ukaapa. Leo ule ubao uko mkononi mwa nani? Sisi, wapendwa, hatukosi machozi. Tunajua kuuliza. Mungu akichoka kutusikiliza anatupa kile kiti cha kujibia, nasi tunaketi, tunafungua jalada, tunasoma lile lile tulilosomewa. Hatubadilishi hata neno. Tunabadilisha tarehe.

Ningeishia hapo, na mngesema mchungaji leo amehubiri. Kwenye zile sharika nne niliishia hapo hapo, nikapewa kuku.

Lakini nilipokuwa mwinjilisti kijana nilitembea kwa miguu mitaa saba, nikamwomba mchungaji wangu baiskeli. Akaniambia tutaona. Nililia njiani, nikasema nikija kuwa mchungaji sitamwambia mtu tutaona. Mwinjilisti wa mtaa wa mlimani yuko pale kiti cha nyuma. Ameniomba baiskeli tangu Pasaka ya mwaka jana, na ninyi mnajua nimemjibu nini, kwa sababu mara ya mwisho nilimjibu mbele yenu.

Baiskeli yangu iko nje, imeegemea ukuta wa ofisi. Ndugu mwinjilisti, tukimaliza sala kaichukue. Breki ya nyuma haishiki vizuri, angalia mteremko. Mimi nitarudi kwa miguu. Tusimame tuombe.