Vishimo Vinavyoshika Mafuta

Wapendwa katika Bwana, nitegeeni masikio. Palikuwa na fundi mmoja, mkereza wa vyuma, katika mji ambao pampu yake ya maji ilikuwa imekufa. Gia moja tu ndani yake ilikuwa imevunjika meno, na ilikuwa ya zamani mno. Hapakuwa na duka lililoiuza tena. Kwa ajili ya gia moja mji mzima ukarudi mtoni na ndoo kichwani, na watoto wakaanza kuugua matumbo. Fundi akasimama mbele ya watu akasema, "Nipeni hadi sikukuu ya mavuno. Nitaichonga mwenyewe." Lakini angeichonga kwa chombo gani? Mashine yake ndogo ilijua kukizungusha chuma na kukifanya mviringo. Kuchonga meno haikujua.

Ndipo siku moja, katika yadi ya vyuma chakavu, nyuma ya rundo la mabati, akaiona: mashine moja yenye kazi mbili, chini inakereza, na juu yake umesimama mkono wa kuchonga meno ya gia. Ya namna ile alikuwa ameiona katika picha tu, enzi za chuo. Kutu ilikuwa imeifunika yote, na kuku alikuwa ametaga chini yake. Fundi akavua kofia.

Mwenye yadi akacheka. "Fundi, unaliamkia dude hilo? Kesho nalikata kwa gesi."

"Usilikate, kaka. Nakusihi."

"Lina nini hata ulivulie kofia?"

"Hili likizunguka tena, mji utakunywa."

Nawauliza, wapendwa: ni nani aliyetuvulia kofia sisi tulipokuwa kwenye rundo? Ni nani aliyetutazama, hatuna umbo wala uzuri, akasema, "Usimkate"?

Akaipeleka karakanani, akaifungua hadi parafujo ya mwisho. Akailoweka kwa dizeli, akaisugua kwa brashi ya waya, na kutu ikaanguka kama magamba ya samaki. Na kadiri ilivyoanguka, ndivyo hofu takatifu ilivyomshika. Kila gia ilikuwa na alama iliyogongwa kwa mkono, na alama ile ilimtaja mwenzake. Kila mpini ulikuwa umewekwa mahali ambapo kiganja kingeutafuta chenyewe. Yule aliyeiunda alikuwa amekwisha kulala mautini, katika nchi ambayo fundi hataiona milele. Lakini alikuwa ameufikiria mkono wa fundi huyu kabla fundi hajazaliwa! Fundi akazima redio yake. Akafanya kazi kimya, kama mtu aliye ibadani.

Mwishowe akafikia zile reli mbili ndefu ambazo kibebeo cha kisu huteleza juu yake. Kutu ilipokwisha, akaona zimejaa vishimo vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, mfano wa uso wa mtu aliyepona ndui. Akahuzunika. Sikukuu ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili, na wakuu wa mji wangekuja kutazama. Je, waione ikiwa na makovu? Akachukua grenda. Reli ya kwanza akailaza, akailainisha, ikang'aa hata akauona uso wake mwenyewe ndani yake.

Mama mmoja mtu mzima akawa anapita na ndoo yake ya maji ya mto. Mama huyo, kwa miaka thelathini, alikuwa mtia mafuta wa mashine katika kiwanda cha katani. Akatua ndoo, akaingia. Akaipapasa reli ya pili, iliyokuwa haijaguswa. Akaipapasa ya kwanza, akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Mwanangu, nani kaifuta hii?"

"Mimi, mama. Ilikuwa na makovu."

"Makovu! Aliyeiunda aliyakwangua moja moja kwa mkono wake, na wewe unayaita makovu? Humo ndimo mafuta yanamokaa. Ulitaka yakalale wapi, juu ya paa?"

"Lakini mama, tazama inavyong'aa."

"Naam, inang'aa. Haya, kisukume kibebeo."

Fundi akazipaka reli zote mbili mafuta, akakiweka kibebeo, akasukuma. Kikaenda shubiri moja, kikang'ang'ania. Katika reli yenye vishimo mafuta yalikuwa yametulia. Katika reli inayong'aa yalikuwa yamefutika yote. Fundi akaketi sakafuni.

"Nimeiua, mama."

"Hujaiua. Umeijeruhi. Ondoka hapo chini, chukua kikwangio."

Akaanza. Akapaka rangi ya buluu kwenye bamba lililonyooka, akaligusisha na reli, akatazama mahali palipoinuka, rangi iliposhika, akakwangua hapo, kidogo kama unyoya. Kisha tena, na tena. Sikukuu ikaja, ikapita. Watu wakapita mlangoni na ndoo zao wakimkejeli, "Fundi wa kung'arisha! Tunywe huo mng'ao?" Akaendelea kukwangua, kwa maana walisema kweli. Wiki ya tano akakisukuma kibebeo kwa kidole kimoja, nacho kikateleza mwanzo hadi mwisho pasipo sauti. Gia ikachongwa. Pampu ikaamka. Mji ukanywa.

Siku ile yule mama alirudi, akaweka kiganja kimoja reli hii na kimoja reli ile. Akasema, "Hapa ni mkono wake aliyeiunda. Hapa ni mkono wako, umejifunza kwake. Mafuta yamekaa kote."

Sasa niseme nini kwenu? Kutu ni kutu, wapendwa. Dhambi tusiipe jina zuri. Na isuguliwe hadi iishe. Lakini ole wetu sisi tusioweza kutofautisha kutu na kazi ya mkono wa Muumba!

Jumapili ya wageni, mwezi uliopita, tulimwomba ndugu yetu mwenye kigugumizi asiombe hapa mbele. Tulimwambia kwa upole. Tulitaka ibada ing'ae. Wazee wa kanisa walipendekeza, na mimi mchungaji wenu nikakubali. Na ibada iling'aa kweli. Kila mmoja wetu aliuona uso wake ndani yake. Lakini niambieni, ni nani aliyelia siku ile? Ni nani aliyetubu? Je, hatukumbuki ya kwamba kila mara ndugu huyu aliposimama, neno likamkwama kinywani, kanisa zima lilinyamaza na kuliomba pamoja naye hadi litoke? Humo ndimo mafuta yalimokaa, nasi tukapitisha grenda.

Jana nilikwenda nyumbani kwake nikapiga magoti. Amenisamehe, na ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu.

Tusimame sote. Ndugu, njoo mbele utuombee. Usiharakishe. Tutangoja.