Kiganja cha Pendo na Kiti Kimoja

Haya, sogeeni. Wenye digrii na hawana kazi kaeni mbele, leo angalau kuna pa kukaa. Hadithi yangu ina watu watatu na kiti kimoja, na simwachi mtu aende kulala bila kunijibu.

Wa kwanza ni Mghoi, binti wa Wundanyi, aliyejaliwa jicho. Badilisha kifungo kimoja cha shati lako, yeye ameshaona. Wa pili ni Zamzam, Mnubi wa Kibera, aliyejaliwa mdomo. Akianza kusema, hata jenereta husikiliza. Wa tatu ni Odwar wa Mbita, aliyejaliwa mkono. Akichora embe, mtoto hulinyooshea mkono alichukue.

Wote watatu walipata kazi katika studio moja ya katuni, hapa hapa Nairobi. Ghorofa tatu, wabunifu ishirini na wanne. Ishirini na mmoja walishuka na ndege. Waliobaki ndio hawa wetu, wakanyunyizwa kama chumvi, punje moja kila ghorofa. Askari wa geti, wapishi na wafagiaji wote walikuwa wenyeji, msiwe na wasiwasi.

Mghoi alikaa juu kabisa, kazi yake kukagua picha. Miezi kumi na minne alikula chakula cha mchana akitazama ukuta. Si kwamba walimchukia. Walimtabasamia mpaka akachoka. Walimwita Em, eti jina lake refu. Herufi tano! Ila palipohitajika Uafrika, aliitwa haraka: "Em, is this African enough?" Akaulizwa habari za Misri, za Ghana, za chura wa Kongo. Yeye, mtu wa Wundanyi.

Sasa studio ilikuwa inamalizia filamu ya msichana wa Kiafrika aitwaye Pendo. Asubuhi moja Pendo akainua mkono kusalimu, na Mghoi akaisimamisha picha. Kiganja kilikuwa cha kahawia ile ile ya mgongo wa mkono, bila tofauti hata chembe. Mghoi akatazama kiganja chake. Akatazama tena kioo cha kompyuta. Watu kumi na wanane walikuwa wameipitisha picha ile. Akaandika kwenye daftari la makosa, wakafuta. Akaandika tena, wakafuta. Mara ya tatu mkubwa wake akamwambia: ukirudia, tutazungumza kuhusu mkataba wako. Mghoi akarudia, wakafuta tena. Kisha akaichapisha ile picha na kushuka ngazi kumtafuta mwanamke ambaye hadi siku hiyo walikuwa wakisalimiana kwenye lifti tu.

"Dada, hebu angalia hiki kiganja."

"Woi!" Zamzam akashika kichwa. "Wamempaka rangi ya viatu?"

Zamzam alikuwa msaidizi wa waandishi, kazi yake kuandika yaliyosemwa na wengine. Katika mkutano wa Jumatano aliweka kalamu chini, akasimama mbele ya mkurugenzi, Anton, na kulaza mkono wake mezani.

"Anton, geuza mkono wako. Umeona? Sasa ona wangu."

"Zamzam, please. Not everything is about race." Si kila jambo ni la rangi ya mtu, Anton akasema, na watoto hawaangalii viganja.

"Basi tuwaulize hao watoto. Wakinyamaza, naacha kazi siku hiyo hiyo. Niandikie mahali, nitie sahihi."

Akatia sahihi. Ijumaa akaleta watoto wa darasa la tatu kutoka shule moja ya Kawangware. Taa zikapunguzwa, Pendo akapunga mkono. Kimya. Zamzam akahisi kazi yake inamponyoka. Halafu sauti moja ikatoka nyuma: "Ticha, mbona amevaa glavu na kuna jua?" Ukumbi mzima ukalipuka. Glavu! Glavu!

Anton hakucheka. Akakubali kwamba ni kosa, lakini filamu ilitakiwa baada ya siku kumi na moja. Nani angeipaka upya?

"Ni mikono mingapi?" akauliza Odwar, mpaka rangi wa ghorofa ya kwanza, na wengi wakageuka kwa kuwa hawakuwahi kuisikia sauti yake.

"Mia nne na kumi na miwili," akajibu Anton.

"Nipeni."

Wenzake wa ghorofani walijaribu kumsaidia, viganja vikatoka vya rangi ya waridi kama soseji. Odwar akavitupa vyote, akaanza upya. Alijua kwamba rangi ya kiganja na ya mgongo wa mkono hazikatani kama wembe, huyeyukiana ubavuni mwa kidole, na mistari ya kiganja hubaki na weusi wake. Siku ya tano kifundo cha mkono kikavimba. Akakifunga bandeji, akaendelea. Alimaliza zikiwa zimebaki saa sita.

Filamu ikanunuliwa na televisheni za nchi tisa. Anton akawaita wote watatu, akawapa mikono, akawaambia: kuna kiti kimoja cha mwenyeji katika chumba cha hadithi, kile ambamo watu watano huamua filamu gani itengenezwe na nani awe ndani yake. "One seat, for a local voice. Chagueni wenyewe." Jina lifike Jumatatu saa tatu asubuhi. Lisipofika, kuna rafiki yake anakuja kutoka kwao, atakikalia.

Wakaenda kibanda cha chai nyuma ya studio.

"Kiti ni changu," Mghoi akasema bila kuzunguka. "Bila jicho langu msingekuwa na la kusema wala la kupaka."

"Jicho lako liliandika mara nne, likafutwa mara nne. My friend, nani alifungua mlango?" akauliza Zamzam.

Odwar akapuliza chai. "Mlango ulifunguka, sawa. Halafu mngeingiza nini, maneno? Pendo angekuwa na glavu mpaka leo."

"Wewe hata hupendi mikutano, Odwar!" Mghoi akadakia.

"Ningejuaje? Sijawahi kuitwa hata mmoja."

Zamzam akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini mnajua huko ndani ni kuwa peke yako, manze. Watano kwa mmoja. Watakuweka hapo kama ua la mezani. Mimi nasema tukatae. Sote watatu, ama hakuna."

"Tukikataa, rafiki yake Anton anakaa," akasema Mghoi. "Na filamu ijayo nimeiona kwenye ratiba. Ni ya nyanya mmoja Mtaita. Nyanya wa kwetu, Zamzam! Aandikwe na watu walioshindwa kuita jina langu? Hapana. Mtu wetu ataingia, na hatanyamaza ili apendwe."

Hapo hakuna aliyebisha. Kila mmoja alikubali kwamba mtu aingie, na kila mmoja alimaanisha mtu wake.

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika tano, wamesimama mlangoni kwa Anton. Fomu ina mstari mmoja. Kalamu anayo Mghoi, na wenzake wanamwangalia.

Sasa msiniambie "wote watatu", kiti ni kimoja. Msiniambie Anton aongeze viti, mwambieni mwenyewe, ofisi yake mnaijua. Aliyeona wakamfuta, aliyesema akaiweka kazi yake rehani, aliyefanya mpaka kifundo kikavimba: kalamu hiyo ingekuwa yako, ungeandika jina la nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?