Somo Yake Chui

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kama mmekula mhogo mkavu. Nimepita nchi saba, zote wameniitika vizuri kuliko hivi. Zote pia wamenifukuza, lakini hayo tuyaache. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale, kale ya wakale, palikuwa na kijiji chenye chuo kimoja cha watoto. Mwalimu wake Maalim Shaame, bakora ndefu, subira fupi.

Chuoni mlikuwa na binti mmoja. Wachuuzi wa chumvi walimwacha kijijini angali mchanga, wasitaje jina lake. Binti huyo alipiga. Aliuma. Alivunja mbao za kuandikia za wenzake, kwa! kwa! Wenzake wakamwita Chui. Mwishowe hata Maalim, akiita majina asubuhi, akaita: "Chui!"

Binti kimya. Nyuma ya ukuta, kichakani, kitu kikaitika: "Khrrrr."

Siku ile binti akamng'ata mwenzake Pandu sikio. Maalim akachapa bakora. Ya kwanza, khrrrr. Ya pili, khrrrr. Kila bakora, ile sauti ikasogea.

Kesho yake, mlangoni mwa chuo, nyayo vumbini. Si za mbwa.

Maalim akakimbilia kwa shangazi yake, Bi Mwanasiti, kikongwe wa kijiji.

"Shangazi, nimfukuze?"

"Umfukuzie wapi? Kichakani?"

"Nimechapa mpaka mkono unaniuma!"

"Pole ya mkono. Somo yake nani?"

"Somo la leo hesabu, shangazi."

"Mjinga wewe! Sikuulizi mnasoma nini. Nauliza amepewa jina la nani."

"Tunamwita Chui," akasema Maalim. Kijijini kwao, mtoto asiye na wazazi huchukuliwa na somo yake, yule mwenye jina lake.

"Nyinyi mmempa somo," akasema bibi. "Sasa anakuja kumchukua."

Asubuhi ya tatu bibi akaketi mkekani ubavuni mwa binti. Nje jua kali. Chuoni baridi, ziii, kama kisimani. Mlangoni pakasimama kivuli. Kivuli tu, mwenyewe hayupo.

"Hodi. Nimemfuata somo yangu Chui."

"Hapa hatuna Chui," akasema bibi. "Huyu nimempa jina langu."

"Umempa lini?"

"Sasa hivi. Una neno?"

Kivuli kikarefuka mpaka miguuni mwa Pandu. "Wewe mwenye sikio bovu. Huyu nani?"

Maalim akajua: Pandu akilipiza kwa kusema "Chui", binti kaenda. Na binti anatetemeka! Maalim hakuwahi kumwona akitetemeka.

Pandu akalishika sikio lake. "Mwanasiti huyo. Mkorofi, hana adabu... lakini Mwanasiti."

"Na wewe, Maalim? Uliyeniita?"

"Nilikosea kuita," akasema. "Huyu Mwanasiti."

Kivuli kikanywea, kikanywea, kama maji mchangani. Kwisha.

Je, binti aliacha kupiga? Wapi! Juma lile lile, ngumi mgongoni mwa Maalim, pu! Maalim akaweka bakora chini, akaketi naye mpaka pumzi zake zikatulia. Ikawa hivyo mara nyingi, hata baada ya bibi kuzikwa. Na kila mara alimwita kwa jina la bibi.

Basi wenzangu, mtoto anayeuma msimwite mnyama, mkampa wa kumchukua. Mwiteni mtu, mkae naye.

Hapo hadithi yangu imekaa kitako, hainyanyuki tena.