Aliyeonyeshwa Kama Shimo

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli nyepesi sana, akiinyanyua kwa mkono mmoja na kuitundika ukutani juu ya kitanda chake, mahali ambapo wengine hutundika picha ya wazazi. Jina lake Mahanyu. Mji wake ulikuwa juu milimani, mji wa ukungu, ule ukungu unaoingia asubuhi bila hodi na kuondoka ukitaka wenyewe. Barabara moja ya lami iliuzunguka mlima. Juu ya barabara kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu kulikuwa na vijia vyembamba ambavyo hakuna aliyepata kuvimaliza vyote.

Sasa sikilizeni. Watu wa mji ule walipenda baiskeli, lakini mapenzi yenyewe yalikuwa yamewagawa. Kulikuwa na waliopanda baiskeli za matairi membamba, hao ni wa lami. Na kulikuwa na waliopanda za matairi manene yenye meno, wakaingia nazo msituni na kurudi wamejaa matope mpaka kwenye kope. Wa lami waliwaita wa msituni ngiri. Wa msituni waliwaita wa lami maharusi, kwa zile nguo zao za kubana zinazong'aa, na kwa kuwa, eti, hawakanyagi chini wasije wakaharibu hina. Mtu akinunua baiskeli tu, jina alipewa bure. Watu waliosoma darasa moja walipishana sokoni kila mmoja akitazama pembeni.

Mahanyu alikuwa kinara wa maharusi, nisameheni, wa watu wa lami. Ulimi wake ulikuwa na pilipili. Ndiye aliyemshawishi mama muuza chai pale sokoni asiwape ngiri viti, wawe wanakunywa chai yao wima, nje, hata mvua ikinyesha. Ndiye aliyetunga ule mzaha uliozagaa mji mzima: mkimkuta mmoja wao amelala mtaroni, msimsumbue, yuko kitandani kwake. Lo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila mtu aliurudia, na kila aliyeurudia alijiona mcheshi.

Tusimnyime haki yake, alifunza na jambo jema. Watu wa lami huenda kwa mstari mmoja, gurudumu karibu liguse gurudumu, na aliye nyuma haoni kilicho mbele. Basi Mahanyu aliwafunza ishara. Wa kwanza akiona shimo, anapeleka mkono nyuma ya kiuno na kuonyesha chini kwa kidole. Wa pili anamwonyesha wa tatu, wa tatu anamwonyesha anayefuata, mpaka mkia wa mstari. Ngumi ikiinuliwa juu ya bega, maana yake simameni, na husimama hapo hapo bila kuuliza. Kwa ishara hizo hakuna aliyeumia miaka na miaka. Walilindana kwelikweli, wao kwa wao.

Lakini mtu huyu alikuwa na siri. Alikuwa anaota. Aliota yuko msituni, baiskeli inakwenda bila kukanyagwa, na chini ya gurudumu si lami wala udongo, ni kitu laini kama manyoya ya kifaranga. Miti ilimpisha. Mbele kwenye weupe wa ukungu kulikuwa na mtu anamwita, na jina analoitwa halikuwa lake, naye aliitika. Akiamka, shuka lilinuka majani mabichi, au ndivyo alivyodhani. Mkewe alimwuliza, "Ulikuwa unacheka nini usingizini?" Akajibu hakuna kitu, akageukia ukutani.

Ndoto ile ilirudi mpaka ikamchosha. Asubuhi moja, ukungu umeufunika mji hata majirani hawaonani, alimtumia ujumbe Singano, rafiki yake wa chanda na pete, kwamba leo ana homa, awaongoze wenzake yeye. Kisha akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa ngiri wa kutupwa. Akaomba baiskeli. Shemeji alimtazama kidogo, akamtolea baiskeli, akamwongezea na koti lake la mvua lililopauka. Mahanyu alilivaa lile koti na kujifunga kitambaa mpaka puani. Hakuogopa kuanguka. Aliogopa kuonekana.

Akaingia msituni. Niwaambieni nini? Kila kitu kilikuwa kama alivyokiota. Majani yaliyooza yalikuwa laini chini ya tairi, na sauti ya mji ilizimika nyuma yake kama mtu aliyefunga mlango taratibu. Ndege alilia mahali fulani, ukungu ukaumeza mlio ule kabla haujaisha. Aliteremka, akapanda, akapita katikati ya miti mikubwa iliyochuruzika maji, na hakujua amekwenda muda gani. Alijisikia anacheka kwa sauti, peke yake, na machozi yanamtoka. Furaha ilimjaa hadi akaona haya. Kumbe hiki ndicho hawa watu wanachokifuata huku, akawaza, na mimi nilisema wanafuata uchafu.

Kijia kile kiliteremka ghafla kwenye barabara ya lami. Mahanyu hakukijua. Alikamata breki juu ya majani mabichi, tairi likateleza, naye akarushwa mtaroni. Ukingo wa kalvati ukamchana paja. Pumzi zote zikamtoka. Baiskeli ilibaki nusu iko mtaroni, nusu barabarani, na lile gurudumu nene likaendelea kuzunguka juu ya lami.

Alijaribu kuita, kooni kukatoka mluzi tu. Damu ilikuwa ya moto na kila kitu kingine kilikuwa baridi. Mahanyu alizaliwa mlima ule, aliijua baridi yake. Alijua mtu anayevuja damu hivi, kama hakuna wa kumwinua, jua la mchana halitamkuta.

Ndipo akasikia mvumo. Mvumo wa matairi membamba juu ya lami yenye maji. Aliwajua wote kwa masikio: yule mwenye cheni inayoimba, yule anayekohoa kila mlima, na mbele kabisa pumzi nzito za Singano. Nimepona, akasema moyoni. Wenzangu hao wamekuja.

"Kuna mtu pale!" sauti moja ikasema.

"Wewe tazama hilo tairi," Singano akajibu. "Msimsumbue, yuko kitandani kwake."

Wakacheka. Kicheko kile Mahanyu alikijua, alikilea yeye mwenyewe. Akiwa chini, jicho moja likiwa limezibwa na tope, aliona mkono wa Singano ukienda nyuma ya kiuno. Kidole kikaonyesha lile gurudumu, kikamwonyesha na yeye. Wa pili akaonyesha. Wa tatu akaonyesha. Mkono baada ya mkono, taratibu, kwa nidhamu, mpaka mkia wa mstari, kama alivyowafunza. Walimpitia kwa upole, wakaacha nafasi nzuri, wasije wakaharibu magurudumu yao. Kisha ukungu ukajifunga nyuma yao.

Nataka hili mlielewe vizuri. Wale hawakuwa watu wabaya. Hakuna hata mmoja aliyekusudia mtu afe pale. Walikuwa wanatunzana, basi, na katika kutunzana kwao mtu alikuwa amegeuka shimo.

Mahanyu alilia pale mtaroni, machozi bila sauti. Hakulia kwa sababu ya paja. Baadaye hata kilio kikamwacha, ikaja ile ndoto. Miti ikampisha. Kile kitu laini kikawa chini yake, na kule kwenye weupe mtu akaanza kumwita kwa lile jina lisilo lake. Naye alichoka, akataka kuitika moja kwa moja, aende.

Watu wa msituni wana desturi yao. Hawaendi kwa mstari, kila mmoja huteremka anavyojua. Lakini penye njia panda wa kwanza husimama, na hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho afike. Njia panda yao ya asubuhi ile ilikuwa pale pale kijia kinapokutana na lami. Wa kwanza alisimama, akaona gurudumu, akapiga kelele, "Mwenzetu kaanguka!" Nao msiwapambe sana, maana hata wao walitazama tairi kwanza. Lakini walishuka. Mmoja alichomoa tyubu ya akiba na kulifunga paja juu ya jeraha, akakaza mpaka damu ikapungua. Wengine wakambeba mpaka kwenye kijito kando ya barabara, na mwanamke mmoja aitwaye Havijawa akapiga magoti, akaweka mguu ule kwenye mapaja yake na kuukandamiza kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alichota maji na kumwosha uso.

Mahanyu alihisi yale maji kwa mbali, kama yanaosha uso wa mtu mwingine. Tope lilitoka kwenye paji, likatoka shavuni. Kitambaa kikashushwa. Kisha sauti zote zikanyamaza, na aliposikia ukimya ule akajua ameonekana. Hilo ndilo jambo aliloliogopa tangu asubuhi. Alifumba macho, akangoja.

"Huyu si Mahanyu?" kijana mmoja akasema. "Yule bwana harusi mwenyewe. Huyu ndiye anayetunywesha chai mvuani! Dada Havijawa, mwache wenzake waje wamchukue."

Havijawa naye alishawahi kusimama nje pale kwa mama muuza chai, kikombe mkononi, mvua ikiijaza chai yake. Aliutazama ule uso msafi kwa muda, na hakuupenda, hilo lilionekana wazi. Kisha akakaza kiganja.

"Mguu wake nilishaushika," akasema. "Sasa niuachie kwa kuwa nimemwona sura?"

Basi. Yule kijana ndiye aliyekwenda kukata miti miwili, wakaifunga makoti yao ya mvua ikawa machela. Wakampakia Mahanyu, wakashika barabara kuelekea hospitali ya mji, baiskeli zao wakiziacha zimelala kando ya kijito bila mlinzi. Ukungu ulikuwa unaanza kufunguka vipande vipande. Mahanyu aliyumba juu ya machela akitazama matawi yanayopita juu yake, wala hakujua kama bado anaota. Mkono wa Havijawa haukuwa umeondoka kwenye paja lake.

Nyuma yao ukasikika tena ule mvumo. Watu wa lami walikuwa wameuzunguka mlima na sasa wanarudi mjini. Singano aliona mbele yake kundi la watu wa matope limeziba upande mmoja wa barabara, wamebeba mzigo wao. Mkono wake ukaanza safari ya kwenda nyuma ya kiuno.

Mahanyu akausikia mvumo ule, akakusanya nguvu alizobakiza, akainua mkono kutoka kwenye machela na kufunga ngumi juu ya bega.

Breki zililia zote kwa pamoja. Walisimama kabla hawajajua kwa nini, maana mwili uliofunzwa hautafuti sababu. Kisha wakatazamana. Ngiri kaijulia wapi ishara yetu? Singano alisogea polepole, akachungulia machela, na baiskeli ikamponyoka ikaanguka matopeni, ile baiskeli ambayo hakuwa akikubali hata iegemezwe ukutani. Akapiga magoti pale chini na zile nguo zake zinazong'aa. Alilia kama mtoto.

"Kaka, ni wewe! Tulipita pale, tukakuona. Mbona hukutuambia kuwa ni wewe?"

Mahanyu hakumkasirikia, angewezaje, na maneno yalikuwa yake? Alimtazama rafiki yake kwa huruma, halafu akamtazama Havijawa, damu imemkaukia mpaka kwenye viwiko. Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo.

"Na kama nisingekuwa mimi?" akauliza.

Mahanyu alipona, anachechemea mpaka leo. Singano bado anatafuta jibu, na mimi simsaidii kulitafuta. Ninawauliza ninyi mlioketi hapa: katika mashimo yote mliyoonyeshana leo njiani mkija, mna hakika hakuna hata moja lililokuwa linapumua?